SEHEMU YA 5: Gari la kizamani uani, na risasi iliyojificha chini ya rangi

 

Sehemu ya 4 tuliongea upungufu wa damu kwa watoto, nikagusia kwa mstari mmoja tu kwamba risasi mwilini nayo inaharibu damu. Inbox ikajaa. Swali lililojirudia, kwa maneno tofauti tofauti, ni hili: "Nesi, baba watoto kanunua gari la zamani, limeoza kutu, analitengeneza hapa hapa uani. Jumamosi nzima ni msasa na grenda, na watoto wanashinda naye. Kuna ubaya?"

Jibu fupi ni ndiyo, upo, na unazuilika. Jibu refu ndilo hili la leo, na ni la historia, kwa sababu ukimwambia shemeji "nesi kasema usipige msasa" bila kumweleza ilikotoka, utaonekana unamharibia starehe yake tu.

Na starehe yenyewe naielewa jamani. Mtu akipata Peugeot 404 iliyokuwa imetelekezwa chini ya mwembe, si chuma chakavu kanunua. Ile gari ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, na wazee wetu walilipigia kelele gari hilo barabarani, vumbi usoni. Kuna aliyepelekwa leba na gari kama hilo. Kwa hiyo sisemi mtupe gari. Nasema tujue limetengenezwa na nini, tabaka kwa tabaka, kwa sababu anayelirudisha gari hilo kwenye chuma chake anafukua na vitu ambavyo dunia ilitumia miaka mia moja kubishana navyo.

Tuanze na jina, maana linachanganya. Risasi ninayoisema ni madini, ndiyo hiyo hiyo iliyoipa jina risasi ya bunduki. Ni laini, nzito, haishiki kutu, inayeyuka kwa moto mdogo. Ndiyo maana watengeneza magari waliipenda. Mwili wa mtoto nao unaipokea vizuri mno. Mwili hauijui, unadhani ni madini ya kalsiamu, basi unaikaribisha kwenye mifupa na kwenye ubongo unaojengeka. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka kiasi kile kile alichomeza. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma anafyonza zaidi. Hapo ndipo somo la wiki iliyopita na la leo yanapokutana.

Sasa tabaka la juu: rangi.

Rangi za magari ya zamani, hasa njano, rangi ya chungwa na nyekundu kali, nyingi zilitengenezwa kwa risasi. Chini yake, kwenye chesisi na vyuma, walipaka rangi ya kuzuia kutu yenye wekundu wa kuelekea chungwa, nayo ilikuwa risasi. Ikiwa imekaa kimya, haina shida kubwa. Shida ni msasa. Msasa unageuza rangi kuwa unga, unga unakaa kwenye udongo, kwenye kamba ya nguo, kwenye ndoo ya maji. Mtoto wa miaka miwili hahitaji kulamba gari. Anahitaji tu kucheza chini halafu aweke vidole mdomoni, na wewe mama unajua anafanya hivyo mara ngapi kwa siku.

Hili si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1904, kule Queensland, Australia, daktari wa macho aitwaye John Lockhart Gibson aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakija hospitali na sumu ya risasi mwilini, wengine macho yakiwa yameharibika. Alifuatilia mpaka nyumbani kwao. Akakuta ni rangi ya kuta na ya nguzo za baraza, iliyochujuka juani ikawa unga, ikashika mikono, na watoto wakawa wanang'ata kucha na kunyonya vidole. Mwaka 1904! Bibi zetu wengi walikuwa hawajazaliwa.

Halafu kuna mwaka 1921, ambao mimi nauona ni mwaka wa ajabu kwenye habari hii. Mwaka huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi kutumika ndani ya majengo. Mwaka huo huo kampuni ya 3M ya Marekani ilianza kuuza msasa wa maji, msasa unaotumika ukiwa umelowa. Aliyeubuni ni Francis Okie, mtengeneza wino wa Philadelphia, na viwanda vya magari viliupokea haraka kwa sababu ulilainisha rangi vizuri na ulipunguza vumbi lililokuwa likiwadhuru mafundi rangi. Kwa hiyo fundi anapolowesha msasa leo, anafanya jambo ambalo lina umri wa zaidi ya miaka 100, na afya ni sehemu ya sababu yake.

Na mwaka huo huo, tarehe 9 Desemba 1921, kwenye maabara ya kampuni ya General Motors huko Dayton, Ohio, mtu mmoja aliweka risasi kwenye mafuta ya gari. Nitarudi kwake. Tumalize bodi kwanza.

Chini ya rangi kuna puti. Siku hizi puti ni ya plastiki, inatoka kwenye kopo, unachanganya na dawa yake inakauka. Lakini kabla ya miaka ya 1950 kitu cha kuziba mabonde na kuunganisha mabati kilikuwa risasi yenyewe, imechanganywa na bati jeupe, inayeyushwa kwa moto na kulainishwa kwa kipande cha mbao mpaka isomeke kama chuma kimoja. Viwandani walifanya hivyo kwenye maungio. Na vijana wa California baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaifanya kuwa sanaa. Walichukua gari la kawaida, hasa Mercury ya 1949 hadi 1951, wakakata nguzo za paa ili paa lishuke, wakaondoa mishikio ya milango, wakaziba kila mshono kwa risasi. Gari maarufu kuliko yote ya namna hiyo ni Mercury ya 1951 iliyotengenezwa mwaka 1952 na Sam na George Barris kwa ajili ya Bob Hirohata. Magari hayo yaliitwa kwa jina linalotaja risasi waziwazi, yaani kitu kizito kama kigari cha risasi kinachoteleza. Walijitania. Ni mazuri, sikatai, mistari yake inateleza kama maji. Ila picha za magari hayo zinapendwa mno na vijana wetu wanaotaka kuchonga bodi nyumbani, na wachache wanajua kwamba ule ulaini ulikwanguliwa kwa tupa, na kila mkwanguo ulikuwa sumu.

Akikuta kwenye maungio ya gari la zamani kitu cha kijivu, laini, kinachokwaruzika kwa ukucha wa bisibisi na kinachong'aa kikikwaruzwa, asikiguse kwa grenda. Rejeta za shaba za zamani nazo zimeunganishwa kwa risi hiyo hiyo ya kulehemia yenye risasi, kwa hiyo kuichoma jikoni kwako ili kuziba tundu ni mwiko.

Sasa turudi Dayton, maana hapa ndipo penye hadithi yenyewe.

Injini za wakati ule zilikuwa zinagonga. Mafuta yaliwaka ovyo, zikapiga kelele na kupoteza nguvu. Thomas Midgley alijaribu vitu vingi mpaka akapata kemikali ya risasi inayotuliza mgongano kwa kiasi kidogo tu. Pombe, yaani ethanoli, nayo ilijulikana kutuliza injini, lakini pombe mtu yeyote anaweza kuitengeneza. Risasi ile ilikuwa na hati miliki. Februari 1923 mafuta hayo yakaanza kuuzwa palepale Dayton, kwa jina la Ethyl. Angalia walivyochagua: neno risasi halikuwekwa kwenye jina.

Mwaka huo huo Midgley mwenyewe aliugua kwa risasi, akaenda kupumzika Florida. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway huko New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walianza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, wengine wakafungwa wasijidhuru. Watano walikufa, makumi wakalazwa. Magazeti yakaiita gesi ya wendawazimu. Midgley akaita waandishi wa habari New York, akaosha mikono kwa kemikali ile mbele yao na kuinusa, aonyeshe ni salama. Mtu aliyetoka kuugua! Hapo mimi huwa naishia kutikisa kichwa.

Mwezi wa Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano Washington. Miongoni mwa waliosimama kupinga alikuwa daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Harvard. Huyu mama alikuwa ametumia miaka akiingia viwandani, akipanda ngazi, akienda mpaka majumbani kwa wafanyakazi kuwauliza wake zao mume anaumwa nini. Kazi yake ilifanana na ya nesi wa jamii. Hoja yake ilikuwa rahisi: risasi ikiingia kwenye mafuta ya kila gari, haitabaki kiwandani, itafika kwa kila mtu. Mwaka uliofuata kamati ikasema haioni sababu ya kutosha kuizuia. Mauzo yakaendelea.

Kwa miaka 40 hivi, daktari aliyesikilizwa zaidi alikuwa Robert Kehoe, aliyefadhiliwa na wenye viwanda. Alifundisha kwamba risasi kidogo mwilini ni kawaida ya binadamu. Aliyevunja hoja hiyo hakuwa hata daktari. Ni Clair Patterson, mtaalamu aliyepima umri wa dunia. Maabara yake ilikuwa inachafuliwa na risasi kutoka kila mahali mpaka akajiuliza inatoka wapi, na mwaka 1965 akaandika kwamba kile kinachoitwa kawaida ni uchafu tuliouleta wenyewe.

Lakini kwangu mimi, nesi wa watoto, utafiti mkubwa ni wa meno.

Damu inaonyesha risasi ya karibuni tu. Jino la utoto linaweka kumbukumbu ya miaka. Daktari Herbert Needleman aliwaomba watoto wa shule za Chelsea na Somerville, huko Massachusetts, wampe meno yao yaliyong'oka. Hapa kwetu tunayatupa juu ya bati. Yeye aliyakusanya, ya watoto zaidi ya 2,000. Akapima risasi, akalinganisha na uwezo wa watoto darasani na maoni ya walimu wao. Matokeo yalitoka mwaka 1979. Watoto wenye risasi nyingi kwenye meno walikuwa chini kwenye vipimo vya akili, na walimu wao, ambao hawakujua nani ana nini, walisema wanashindwa kutulia, hawafuati maelekezo, wanakatisha kazi njiani. Na hawa hawakuwa wagonjwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekutwa na ugonjwa wa risasi hospitalini. Ni watoto ambao mama zao wangekuambia wako sawa.

Nataka mkae na hilo kidogo. Mama ananiuliza, "Dalili zake ni zipi?" Zipo: tumbo kuuma, kukosa choo, kupauka, uchovu, hasira zisizoeleweka. Lakini mara nyingi hakuna dalili kabisa. Kuna mtoto ambaye angekuwa wa tano darasani akawa wa kumi na tisa, na akachapwa kwa utukutu.

Kilichoondoa risasi kwenye mafuta Marekani kilianzia kwenye ekzosi. Magari ya 1975 yalifungwa kifaa cha kusafisha moshi, na risasi ilikuwa inakiua kifaa hicho. Wakalazimika kuuza mafuta yasiyo na risasi. Kati ya 1976 na 1980 risasi kwenye damu ya Wamarekani ilishuka kwa zaidi ya theluthi, ikifuata mafuta kama kivuli. Kwetu tulisubiri zaidi. Juni 2001 nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa 2006 kazi ilikuwa imefanyika. Nchi ya mwisho duniani kuuza mafuta hayo kwa magari ilikuwa Algeria, ikaacha Julai 2021. Tangazo la kwamba dunia imemaliza lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, tarehe 30 Agosti 2021. Wakakadiria hatua hiyo inazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 vya mapema kila mwaka.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miaka mitano leo, mwanao alizaliwa kwenye hewa bora kuliko uliyovuta wewe. Ila gari la uani lilizaliwa zamani. Masizi ya bomba lake la moshi na uchafu wa tangi lake vinaweza kuwa bado na risasi ya miaka ile.

Kuna na jambo lingine ambalo mafundi wataliongea. Injini hizo zilitegemea risasi kulinda vikalio vya valvu, na kuna wapenda magari wanaotafuta mafuta ya ndege ndogo, ambayo mpaka leo yana risasi, ili "injini ijisikie nyumbani". Mwambie shemeji fundi anaweza kuweka vikalio vigumu wakati wa kufungua kichwa cha injini, na injini itakunywa mafuta ya kituo cha mtaani bila shida.

Betri ndiyo usiombe. Ile nzee iliyokuja na gari isivunjwe kutafuta risasi ya kuuza au ya kutengenezea uzito wa nyavu. Jirani zetu wa Mombasa wanajua gharama. Kwenye mtaa wa Owino Uhuru kilikuwepo kiwanda cha kuyeyusha betri za magari mpaka 2014. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale, na mwanawe mchanga akaugua akalazwa mpaka walipopima wakakuta ni risasi. Alianza kuuliza maswali, akakamatwa, akaendelea kuuliza. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, ingawa kesi iliendelea kwenye mahakama za juu. Alianza akiwa mama mwenye mtoto anayeumwa.

Sasa mambo ya uani kwenu.

Marekani, mwaka 1978, sheria ya viwanda vinavyotumia risasi ilidai wafanyakazi wawe na sehemu ya kuoga na kubadili nguo, kwa sababu vumbi lilikuwa linarudi nyumbani na baba. Uani kwako hakuna mkaguzi. Kwa hiyo nguo za gari ziwe za gari, zivuliwe nje, zisikung'utwe, zifuliwe peke yake na zisichanganywe na nepi. Aoge kabla hajambeba mtoto. Najua mtoto anamkimbilia baba yake, lakini asubiri dakika kumi.

Rangi ya zamani ipigwe msasa wa maji, si mkavu, na si grenda. Turubai liwekwe chini, vumbi likusanywe likiwa limelowa, lisifagiwe kwa ufagio mkavu. Rangi isichomwe kwa moto. Kazi kubwa ya kukwangua bodi nzima ipelekwe gereji yenye vifaa, mbali na nyumba. Kufunga viti, taa na nyaya kufanyike nyumbani, na hapo watoto wakaribie waone. Barakoa za kitambaa hazitoshi kwa vumbi hili. Breki za zamani nazo zina vumbi la asbesto, asizipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, azilowanishe.

Mjamzito na anayenyonyesha asiwe karibu kabisa. Risasi uliyoipata zamani inakaa kwenye mifupa miaka na miaka, na ujauzito unapodai kalsiamu, mifupa inaitoa pamoja na risasi, inavuka kondo mpaka kwa mtoto. Usiongeze nyingine juu yake. Dagaa, maziwa, maharage na mboga za majani zina kazi hapa: mwili wenye kalsiamu na chuma vya kutosha unafyonza risasi kidogo zaidi. Kunawa mikono kabla ya kula, na kukata kucha fupi, ndiyo kitu kile kile ambacho daktari wa Queensland angewaambia mama wa 1904.

Na kama kazi ilishafanyika, msasa ulishapigwa miezi mitatu na mtoto alikuwa palepale, usilie wala usimpige kelele baba yake. Kuna kipimo cha damu cha risasi. Hakipo kila kituo, lakini daktari wa watoto kwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa anaweza kuelekeza kinapopatikana. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe, na linasema pia hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nenda na kadi ya kliniki, taja gari lenyewe, taja msasa, taja ilikuwa miezi gani. Sisi hatuwezi kubahatisha kitu ambacho hatujaambiwa.